Bunduki haitengenezwi kwa ushauri wa barazani

Redio yako ikinyamaza, msomaji, huna haja ya kuumwa na kichwa. Utaipeleka kwa kijana wa kibandani pale stejini, ataifungua kwa bisibisi, atapiga lehemu hapa na pale na kukurudishia kabla jua halijatua. Akikosea, redio itakoroma, utamlaumu, na maisha yataendelea kama kawaida.

Bunduki nayo je? Hii ikikosewa haikoromi. Hupasuka, tena hupasuka ikiwa imeegemezwa shavuni, inchi chache tu kutoka kwenye jicho la mwenye kulenga.

Hata hivyo, duniani kuna maelfu ya watu ambao kila mwishoni mwa juma hutandaza bunduki zao juu ya meza na kuzichokora. Wengi wao wako Marekani, ambako sheria humruhusu raia kukarabati silaha yake mwenyewe nyumbani. Hawajapitia chuo wala kukaa chini ya fundi. Walichonacho ni tupa, bisibisi na maneno ya rafiki aliyesema, "Mimi yangu niliifanya hivi, na mpaka leo inalia vizuri."

Huenda hujawahi kushika bunduki na hutarajii kuishika maishani. Hata hivyo soma hadi mwisho, kwani yanayompata fundi wa kubahatisha wa bunduki ndiyo yanayompata yule wa mitungi ya gesi, wa nyaya za stima na wa breki za matatu. Tofauti ni kwamba bunduki haimpi mtu nafasi ya kujaribu mara ya pili.

Moto ndani ya bomba

Kwanza tuelewe kinachotendeka mtu anapovuta triga. Kipini kidogo hugonga kitako cha risasi, cheche hurukia baruti, nayo baruti huwaka yote kwa muda ulio mfupi kuliko kupepesa jicho. Hewa ya moto inayotokea hutafuta njia ya kutoka, na njia iliyo wazi ni moja tu, yaani kuisukuma risasi kupitia mtutuni.

Nguvu ya hewa hiyo si ya mchezo. Risasi ya uwindaji ijulikanayo sana Marekani, .30-06, imewekewa kikomo cha pauni 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa pauni 30 hivi. Piga hesabu mwenyewe: ni mara 2,000. Na mara 2,000 hiyo yote inazuiwa na chuma kisichozidi unene wa vidole viwili, karibu kabisa na uso wa mtu.

Ndiyo maana fundi wa kweli hupima vitu ambavyo macho hayawezi kuviona. Mfano ni ile nafasi iliyopo kati ya kitako cha risasi na chuma kinachoifungia kwa nyuma. Ikizidi kwa unene wa nywele chache, ganda la shaba linaweza kukatika na moto ukamrudia mpigaji. Fundi huipima kwa vipande viwili vya chuma vilivyochongwa kwa uangalifu mkubwa. Kimoja lazima kiingie na bunduki ifunge. Cha pili lazima kikatae. Kile cha pili kikiingia, bunduki haitoki karakanani hata mwenyewe apige magoti.

Fundi wa kubahatisha hana vipande hivyo. Yeye huingiza risasi, akaona mlango umefunga, akasema, "Iko sawa."

Makosa yanayojirudia

Wanaoifahamu kazi hii wanajua makosa ambayo hurudi tena na tena.

La kwanza ni kulainisha triga. Mwenye bunduki huona triga yake ni nzito, naye husikia kwamba akiikwangua kidogo kwa tupa itakuwa laini kama siagi. Kweli hulainika. Lakini katika bunduki nyingi chuma cha mahali hapo kimekomazwa ngozi ya juu tu, na ndani ni laini. Tupa ikishaiondoa ngozi hiyo, chuma huanza kulika polepole. Mwezi wa kwanza na wa pili mambo huwa shwari. Siku moja bunduki inaegemezwa ukutani, inateleza, inaanguka, na kulia peke yake.

La pili ni kubadilishana vipuri. Bunduki mbili za jina moja na kiwanda kimoja zinaweza kufanana kama mapacha, lakini kufuli ya hii ikiwekwa katika ile, ile nafasi tuliyoieleza hubadilika. Vipuri vikiingia bila kusukumwa, mtu hudhani kwamba vimeoana.

La tatu ni mtutu ulioziba. Tope, kitambaa cha kusafishia, au risasi iliyokwama kwa sababu baruti haikutosha, vyote ni kizibo. Mtu akipiga risasi nyingine "ili kuizibua", mtutu huchanika kama ganda la ndizi.

La nne ni kuchanganya risasi. Bunduki za marisau za geji 12 na za geji 20 ziko nyingi mno, na risasi ya geji 20 ndiyo nyembamba. Ikitiwa ndani ya bunduki ya geji 12 huteleza mbele na kukwama mtutuni. Mwenyewe akidhani hakutia kitu, hutia ya geji 12 nyuma yake, kisha hufyatua. Ni kwa sababu ya msiba wa namna hii viwanda vilikubaliana risasi za geji 20 ziwe na rangi ya manjano, ili hata aliye gizani na tochi hafifu azitambue.

"Nilifanya, sikudhurika"

Sasa tuingie katika kiini cha mambo, yaani ushauri.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, askari wa Marekani walirejea kwao na bunduki za Kijapani aina ya Arisaka kama kumbukumbu. Nyingi zilikuwa za milimita 6.5, na risasi zake zilikuwa adimu Marekani. Mtu mmoja akaona njia ya mkato. Akapanua chumba cha risasi ili kiingize ile .30-06 iliyojaa madukani, ila mtutu wenyewe akauacha ulivyokuwa. Kwa maneno mengine, risasi ya karibu milimita 7.8 ilikuwa inasukumwa kupitia tundu la milimita 6.5!

Matokeo yake? Hakufa. Aliitumia bunduki hiyo, na kilio chake kikubwa kilikuwa kwamba inampiga teke sana begani. Ilipoangaliwa na wenye ujuzi ndipo mambo yalipofichuka, na kisa hicho kikaandikwa katika majarida ya bunduki ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950.

Mtu huyo aliokolewa na bahati moja asiyoijua. Fundi mashuhuri P. O. Ackley, aliyekuwa akiziharibu bunduki za aina mbalimbali kwa makusudi ili aone ipi itavunjika kwanza, alikuwa ameonyesha kwamba chuma cha Arisaka kilikuwa miongoni mwa vile vigumu kabisa kupasuka. Bunduki nyingine ingefanyiwa vile ingemtoa uso.

Hebu fikiri, msomaji, mtu yule angeketi na marafiki jioni na kuwaambia, "Panueni tu chumba cha risasi, mtutu hauna neno, mimi nimejaribu." Hangekuwa anasema uwongo. Kila neno lake lingekuwa la kweli, na bado angeweza kumwua rafiki yake. Wahenga walisema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi.

Tena kuna jambo ambalo watu hulisahau. Anayesimulia barazani ni yule aliyesalimika. Aliyepoteza vidole vitatu aghalabu hukaa kimya kwa aibu, na aliyekufa hasimulii. Kwa hivyo ushauri unaosikika ni wa upande mmoja tu.

Maneno hupungua njiani

Hata ushauri uliotoka kwa bingwa huharibika unaposafiri. Bingwa alisema kuhusu bunduki fulani, ya mwaka fulani, na baruti ya jina fulani. Wa pili akakumbuka bunduki na baruti, akasahau mwaka. Wa tatu akakumbuka baruti peke yake. Wa nne anakwambia, "Wataalamu wamesema ni salama."

Chukua mfano wa wale wanaojaza maganda ya risasi upya wao wenyewe, jambo la kawaida huko Marekani na Ulaya. Baruti hupimwa kwa kipimo cha kale kiitwacho greni, na gramu moja ni greni 15.43. Mizani ya jikoni inayohesabu gramu nzima haiwezi hata kuiona greni moja. Lakini katika bastola, greni moja au mbili za ziada zinaweza kuigeuza risasi salama kuwa bomu dogo. Isitoshe, baruti ya bastola huwaka haraka na ya bunduki ndefu huwaka polepole, ilhali zote mbili zinaweza kuonekana kama punje zile zile za kijivu. Aliyeambiwa kiasi bila jina la baruti ameambiwa nusu ya dawa.

Hata mabingwa huteleza

Mtu asidhani kwamba makosa ni ya wanagenzi peke yao. Kisa cha bunduki ya Springfield ya 1903 ni fundisho kwa kila mwenye cheti.

Bunduki hiyo ya jeshi la Marekani ilitengenezwa na mafundi wenye miaka mingi kazini. Walipokuwa wakipasha chuma moto, walikisia joto kwa kutazama rangi yake. Ndivyo walivyofundishwa, na ndivyo mabwana wao walivyofundishwa. Mwaka 1917, wakati Marekani ilipoingia vitani, baadhi ya bunduki hizo zilianza kupasuka mikononi mwa watu.

Uchunguzi ulifanywa, na chanzo kikawa ni jua. Siku ya jua kali karakana ilijaa mwanga, chuma kikaonekana hafifu, fundi akazidisha moto. Siku ya mawingu rangi ile ile ilionekana mapema. Joto lilitofautiana sana, na chuma kilichopikwa kupita kiasi kikawa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kioo. Mwaka 1918 karakana zikaanza kutumia pairomita, chombo cha kupimia joto kali, na namna ya kukomaza chuma ikabadilishwa. Bunduki zilizokwisha kutoka katika karakana mbili kwa njia ya zamani zilikuwa zaidi ya 1,000,000. Julian Hatcher, ofisa wa jeshi aliyehusika na mambo hayo na baadaye kufikia cheo cha meja jenerali, aliyaandika bayana katika kitabu chake cha 1947. Hakuwaficha wenzake.

Hapa, msomaji, ndipo tofauti inapoonekana. Mabingwa wale walikosea, lakini kila bunduki ilikuwa na nambari. Ilijulikana ilitoka wapi na lini. Kosa lilitafutwa, likapatikana, likaandikwa, na kazi ikarekebishwa. Fundi wa mezani akikosea, hakuna nambari, hakuna daftari, na hakuna wa kuulizwa.

Mtihani wa moto

Huko Ulaya walitambua zamani kwamba neno la fundi peke yake halitoshi. Jijini London, chama cha watengenezaji bunduki kilipewa hati na mfalme mwaka 1637, na kikawa na nyumba ya kujaribia mitutu. Birmingham ilipata nyumba yake kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. Nyumba hizo mbili zinafanya kazi hadi leo.

Kinachofanywa humo ni rahisi kukieleza. Bunduki hufungwa mahali salama, hutiwa risasi yenye nguvu kupita ya kawaida, kisha hufyatuliwa watu wakiwa mbali. Isipovimba wala kupasuka, hupigwa muhuri kwenye chuma. Uingereza ni kosa kumwuzia mtu bunduki isiyo na muhuri halali. Na fundi akiuchonga mtutu kiasi cha kuubadilisha vipimo, muhuri ule wa kale hufa, na bunduki lazima irudi kwenye mtihani.

Mwaka 1914 ilianzishwa tume ya kimataifa yenye makao yake Ubelgiji ili mihuri ya nchi wanachama itambuliwe kote miongoni mwao. Marekani haina sheria ya namna hiyo. Huko viwanda vyenyewe, kupitia chama chao kilichoundwa 1926, hujiwekea viwango kwa hiari, na serikali humtaka leseni yule anayekarabati bunduki za watu kama biashara. Anayechokora yake mwenyewe hana wa kumkagua.

Je, cheti ndicho fundi?

Kuna watakaouliza, "Mbona mabingwa wakubwa hawakwenda chuo?" Ni swali la haki, hasa hapa kwetu ambako Jua Kali imelisha na kusomesha jamii nyingi.

John Browning wa Utah, Marekani, aliyezaliwa 1855, hakuwa na shahada. Alikuwa na baba. Mzee Jonathan Browning alikuwa fundi bunduki, na kijana alikulia miguuni pake akishika tupa angali mdogo. Hiyo ndiyo shule. Alipofariki mwaka 1926 alikuwa bado kazini, katika kiwanda kilichoko karibu na Liège, Ubelgiji.

Mikhail Kalashnikov naye alikuwa askari aliyejeruhiwa vitani mwaka 1941, akaanza kuchora bunduki akiwa hospitalini. Silaha yake ya kwanza ilikataliwa na wakaguzi. Hakununa. Alirudi mezani, akasaidiwa na wahandisi, akashindanishwa na wengine, na bunduki yake ikakubaliwa na jeshi la Urusi ya Kisovieti mwaka 1949.

Afrika pia haikukosa mikono. Mwishoni mwa karne ya 19, wahunzi wa Samori Touré huko Afrika Magharibi walinakili bunduki za kisasa walizoziteka kwa Wafaransa. Na jirani zetu wa Tanzania wanayajua magobole yanayofuliwa na wahunzi wa vijijini, ambayo serikali imewahimiza watu mara kwa mara wayasalimishe.

Kwa hivyo cheti peke yake si fundi. Linalomfanya mtu awe fundi ni mambo matatu: alikaa chini ya aliyemtangulia, kazi yake hupimwa na mtu mwingine asiyekuwa yeye, na ikiharibika anajulikana kwa jina na mlango. Vyuo ni njia ya kuyapata hayo kwa mpango. Kule Trinidad, katika jimbo la Colorado, chuo kilianza kufundisha kazi hii mwaka 1947 kwa ajili ya askari waliorudi vitani, na Ackley tuliyemtaja alikuwa mmoja wa walimu. Katika karakana za London mwanagenzi hukaa miaka kadhaa, tena kwa kazi moja tu: huyu mitutu, yule mbao, mwingine kufuli.

Hapa nyumbani

Kenya mlango huu umefungwa, na kuna sababu. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, mwenye bunduki lazima awe na cheti, na anayekarabati au kujaribu silaha kama biashara lazima awe amesajiliwa kama mfanyabiashara wa silaha. Hakuna fundi bunduki wa kichochoroni aliye halali. Bastola zile za mabomba ambazo polisi huzinasa mara kwa mara ni hatari kwa anayelengwa na kwa anayelenga vilevile.

Kwa kijana mwenye kipaji cha vyuma, kazi halali zipo. Kiwanda cha risasi cha Eldoret kilianzishwa mwaka 1997, na cha bunduki ndogo kule Ruiru kilifunguliwa mwaka 2021. Hivyo ni viwanda vya serikali. Anayejifunza kupima kwa usahihi katika karakana ya chuo cha ufundi anajifunza ujuzi ule ule utakaomfaa kwenye pampu, mitambo na injini, bila kuiweka roho yake wala ya jirani rehani.

Familia nazo zina la kufanya. Iwapo mzee ameaga dunia na kuacha bunduki kabatini, msiijaribu kuona kama "bado inafanya", wala msimwite mpwa anayejua vyuma. Msiiguse, toeni habari kituo cha polisi. Mtoto akiokota risasi kichakani, afundishwe kutoigonga wala kuitia motoni, bali amwite mtu mzima. Aliye na cheti na silaha yenye hitilafu airudishe kwa muuzaji aliyesajiliwa, hata kama shemeji ameapa kwamba ni kazi ya dakika tano.

Kumpima mshauri

Mwisho, namna ya kumpima anayekushauri, iwe juu ya bunduki, gesi au stima. Mwulize: umekiona chombo chenyewe, au unasema kwa kusikia? Umekipima kwa chombo gani? Umefanya mara ngapi, na vilivyoharibika vilikuwa vingapi? Kikilipuka, nitakupata wapi?

Mwenye kubahatisha hukasirika kwa maswali haya. Atakwambia unamdharau, au wewe ni mwoga. Naye anayekupa ushauri kwa nia njema hana budi kujiuliza yale yale kabla hajafungua kinywa, maana neno likishatoka halichagui atakayelitumia. Wema wa moyo haupunguzi hata pauni moja katika zile 60,000.

Ukimwendea fundi wa kweli na kumwuliza kwa maneno tu kama bunduki yako ni salama, hatakupa jibu tamu. Atakwambia: "Siwezi kusema mpaka niipime." Wengi huondoka wakidhani hajui kazi. Huyo, msomaji, ndiye wa kumrudia.